Panki kwa masikio ya Unguja: pa kuanzia kusikiliza, na namna ya kuipiga na nyie

Kaseti ya mwanzo ya panki, ule muziki mkali wa magitaa, kuingia nyumbani kwetu Kikwajuni aliileta ami yangu alokuwa baharia, haina kava, haina orodha ya nyimbo, imeandikwa CLASH kwa kalamu ya wino basi, na mie nikaitia kwenye redio kaseti ya Bibi baada ya magharibi nikidhani ni rege kwa sababu ami hakuwa na mapenzi na kitu chengine. Ikaanza kulia. Bibi yuko ukumbini anachagua mchele, akasita, akasikiliza kidogo, alafu akaniuliza, "Hawa wana nini hawa, wamedhulumiwa?"

Kiengereza Bibi alikuwa hajui hata neno moja, na mpaka leo sijaulizwa swali zuri kuliko lile kuhusu panki. Wengine wote huuliza mbona wanapiga kelele. Yeye aliuliza wamefanywa nini. Kwa hiyo ukitaka kuanza, anzia kwenye swali la Bibi, usianzie kwenye nywele.

Nasema nywele kwa sababu huku kwetu ukitaja panki mtu anafikiria kinyozi, ule mnyoo wa kuacha katikati, na ukivuka bara ukasema mapanki watu wa Mwanza watajua unataka yale mabaki ya sangara. Muziki wenyewe redio zetu hazipigi. Lakini vijana wanaojifunza gitaa wananiuliza sana, dada nianzie bendi gani, nisikilize vipi, tunaweza kuipiga wenyewe hapa au ni mambo ya Wazungu tu, na nimechoka kujibu vipande vipande kwenye simu, basi nimekaa nimeandika yote, ni marefu kidogo, tia kahawa.

Kwanza jua ilitokea wapi. Katikati ya miaka ya 70 rok ilishakuwa muziki wa watu wenye uwezo, wimbo mmoja unakwenda dakika 20, mpiga kinanda ana mashine za kujaza lori, kijana wa mtaani akitazama anajua kabisa kwamba yeye pale hafiki. Na wakati huo huo mji wa New York mwaka 1975 uko karibu kufilisika, Uingereza watu zaidi ya milioni 1 hawana kazi, skuli umemaliza na mlango wa kuingilia hauuoni. Vijana wakasema basi, tutapiga tunachokiweza, kwa vyombo tulivyo navyo, leo. Kulikuwa na baa moja New York inaitwa CBGB ilofunguliwa 1973, ndogo na chafu, ndo waliianzia hapo kina Ramones, bendi ya watoto wa mtaa wa Queens ambao wala si ndugu ila wote walijipa jina moja la ukoo. Albamu yao ya kwanza ya 1976 ina nyimbo 14 na yote haifiki dakika 30, na waliirikodi kwa kama dola 6,400, kwa bendi za siku zile hizo ni pesa za chai.

Sasa hapa ndo nnapotaka mnisikilize vizuri, kwa sababu sie wa visiwani hili jambo tunalijua kabla ya Ramones. Kumbukeni kidumbak. Taarabu kubwa ina kanuni, udi, akodiani, fidla safu nzima, watu wamevaa suti wamekaa kwenye viti, na kuingia kwenye klabu kama zile haikuwa jambo la kila mtu. Wasokuwa na vyombo vile hawakusubiri wafadhiliwe. Walichukua fidla moja, vidumbak viwili, yaani ngoma ndogo, cherewa za kutikisa, mkwasa wa vijiti vya kugonganisha, na besi wakaitengeneza wenyewe kwa sanduku la chai, fimbo na uzi mmoja, alafu wakazichukua nyimbo zile zile za taarabu wakaziunganisha moja na nyengine na kuzipandisha mwendo mpaka harusi nzima inakata viuno. Makame Faki, bingwa wa kidumbak, watu wanamwita Sauti ya Zege, na wallahi hilo ni jina ambalo bendi yoyote ya panki London ingelipigania. Mtu alokulia kwenye harusi zetu akiniambia panki hawezi kuielewa mie simkubalii, masikio anayo tayari, ila hajaambiwa.

Namna ya kusikiliza: usitumie spika ya simu. Panki kwenye spika ya simu ni nyuki ndani ya kopo, besi yote imepotea na bila ya besi huwezi kujua kwa nini watu wanaruka. Tafuta hedifoni au spika yoyote yenye tumbo. Bando likiwa tabu shusha albamu nzima usiku pale linapokuwa rahisi, usisikilize wimbo mmoja mmoja ulotupiwa, hizi albamu ni fupi, nusu saa umemaliza. Mara ya kwanza isikilize yote bila ya kusimama wala kuhukumu. Mara ya pili fuata besi tu. Mara ya tatu tafuta maneno yaliyoandikwa uyasome huku inapiga, kwa sababu waimbaji wengi hawatamki vizuri na maneno ndo nusu ya mzigo.

Na kwenye maneno kuna tafauti moja kubwa na sie lazima uizoee. Taarabu inampiga mtu dongo bila ya kumtaja, mwenyewe atajijua kwenye kiti alipokaa, na utamu wote uko kwenye fumbo. Panki haina fumbo. Inamtaja waziri, inamtaja mwenye nyumba, inataja mtaa. Mwanzo inakera, unaona kama hawana adabu ya lugha, mie ilinichukua miezi, alafu siku moja unakuwa na hasira ya kweli ya jambo la kweli na unaona fumbo halikutoshi.

Mlango wa kuingilia kwa mtu wa Unguja ni The Clash, bendi ya London, wale wale wa kaseti ya ami, sibadilishi kauli. Rege huku tunaijua, na wao rege waliiheshimu. Kwenye albamu yao ya kwanza ya 1977 wamechukua wimbo wa Mjamaika Junior Murvin uliotoka mwaka mmoja tu nyuma, wakaupiga kwa dakika 6 hivi katikati ya nyimbo za dakika 2, kwa magitaa yao yale makavu. Hawakuuiga. Wangeuiga ungekuwa rege mbovu, walichofanya ni kuuimba kama watu wanaokaa mtaa wa pili na wanaona askari wale wale. Agosti 1976 Joe Strummer na Paul Simonon wa bendi hiyo walikuwepo kwenye kanivali ya Notting Hill, London, vijana weusi walipopambana na polisi, na jambo lile liliingia kwenye nyimbo zao moja kwa moja. Alafu kulikuwa na klabu London inaitwa Roxy, 1977, rekodi za panki zenyewe zilikuwa bado chache mno, kwa hiyo DJ wao Don Letts, kijana wa wazazi wa Kijamaika, akawa anawapigia rege na dab, ile rege ya besi nzito na maneno machache, usiku kucha. Ndo maana besi ya panki ya Uingereza ina ule uzito. Mwaka huo huo Bob Marley mwenyewe akatoa wimbo wa kusherehekea panki na rege kuwa kwenye pati moja.

Ukimaliza hiyo ya kwanza nenda kwenye London Calling, ya Disemba 1979, rekodi mbili zenye nyimbo 19 na wakashikilia iuzwe kwa bei ya rekodi moja. Hapo utakuta rege, ska, rokabili, kila kitu, na hutochoka. Ukitaka moja tu kwenye simu yako weka hiyo.

Najua kuna mtu atasema, na Freddie je? Ndio, Freddie Mercury alizaliwa hapa 1946, lakini bendi yake Queen si panki, Queen ndo ile rok kubwa ambayo panki waliikimbia. Ila historia ina mambo yake. Tarehe 1 Disemba 1976 Queen walitakiwa waende kwenye kipindi cha televisheni London, wakashindwa, kampuni yao ya rekodi ikawapeleka Sex Pistols, bendi ya panki ya London, badala yao, wale wakatukana laivu hewani na kesho yake kila gazeti lina picha zao. Kwa hiyo nafasi ilioachwa na mtoto wa Mji Mkongwe ndo iliowafanya Waengereza wote waijue panki kwa siku moja.

Hao Sex Pistols wenyewe mie nakwambia wasikilize mara moja, albamu wanayo moja tu ya maana, ya 1977, na magitaa yake yamepangwa vizuri kuliko wanavyosifiwa. Wimbo wao wa kumsema Malkia walioutoa mwaka wa jubilei yake BBC walikataa kuupiga na bado ukafika nambari 2 kwenye chati. Lakini siwapendi kama ninavyowapenda wengine. Kuna mambo ya kuvaa alama za Manazi ili kuwaudhi wazee, hilo sikubaliani nalo hata kidogo, uwe unatania uwe hutanii.

Sasa mapenzi yangu hasa. X-Ray Spex. Mwimbaji wao Poly Styrene, jina lake la kuzaliwa ni Marianne Elliott-Said, babaake Msomali, mamaake wa asili ya Uskoti na Ayalandi, kakulia London, na unapomuona ana vyuma kwenye meno, kavaa nguo za rangi zisizolingana alizojishonea, hataki kabisa kuonekana mrembo wa mtu. 1977 katoa singo inayoanza na yeye anasema maneno kwa kisauti kidogo cha mtoto mtiifu alafu anakata ukelele mmoja, yakhe, nywele zilinisimama. Na nyuma yake si gitaa tu, kuna saksafoni, aloanza kuipiga ni msichana wa skuli, inalia kama zumari la ngomani, na kwa masikio yetu lile zumari ndo kitu cha kushika wakati gitaa bado linakuchanganya. Albamu yao ni Germfree Adolescents ya 1978. Anaimba habari za plastiki, matangazo, watu kuuziwa mpaka sura zao. Mie nikitembea pwani ya Kizingo baada ya mvua nikaona chupa zilivyojaa huwa namkumbuka.

Kwa nini namueka juu hivi. Kwa sababu visiwa hivi vina nasaba yake. Siti binti Saad alitoka Fumba, mtoto wa watu maskini, wakamcheka sura wakamcheka asili, na akasimama kuimba habari za mahakama, za mwanamke alouliwa, muuaji akakimbilia bara na walokwenda kutoa ushahidi ndo wakafungwa. Hiyo ni miaka ya 1920. Bi Kidude aliimba mpaka uzee mkubwa kwa sauti inayokwaruza, ngoma kaibana mapajani, mpaka alipofariki Aprili 2013, na hakuna mtu alothubutu kumwambia apunguze. Msichana wa Kizanzibari akiniambia panki si mambo ya wanawake namkalisha chini namuekea Siti, alafu Bi Kidude, alafu Poly Styrene, kwa mpango huo huo, bila ya kusema kitu. Ukimaliza X-Ray Spex tafuta The Slits, albamu inaitwa Cut, 1979, bendi iloanza na wanawake tu, hata vyombo hawajui, na mtayarishaji wao Dennis Bovell ni mtu wa rege, utasikia mwenyewe.

Na kwa wale wanaosema panki ni ya Wazungu: Detroit kulikuwa na ndugu watatu weusi, kina Hackney, bendi yao iliitwa Death. Walirikodi 1975, kabla ya albamu ya Ramones. Wakubwa wa rekodi wakataka wabadilishe jina, David, kiongozi wao, akakataa, albamu ikakaa kwenye maboksi mpaka 2009 ndo ikatoka, na yeye alishafariki 2000. Bad Brains wa Washington ni weusi pia na ni Marasta, walianza na jazi kwa hiyo vidole vyao ni vya mabingwa, wanapiga kasi ambayo mwanzo utadhani kaseti imekwama, alafu ghafla wimbo unofuata ni rege taratibu kabisa. Ile albamu yao ya 1982 ilitoka kwa kaseti tu. Na Johannesburg, chini ya ubaguzi ule, 1979 walitokea National Wake, weusi na weupe bendi moja wakati hata kukaa mtaa mmoja ni kosa. Albamu wana moja tu, 1981. Sikiliza.

Minor Threat nimewaacha mwisho kwa makusudi. Washington tena, 1980 mpaka 1983, vijana wa skuli. Mwimbaji wao Ian MacKaye ana wimbo wa sekunde 46 anasema yeye havuti, hatumii kitu, ana akili zake na anazitaka zote. Watu wakaufanya njia ya maisha, wakawa wanajichora alama ya X mkononi, ile ambayo vilabu viliwachora watoto ili wasiuziwe pombe, wao wakaivaa kwa fahari. Sasa mtoto wa Kiislamu wa Unguja akisikia hivi anashangaa, kumbe naweza kuwa kwenye muziki huu mkali na nisiguse kitu? Ndio unaweza. Na naomba niliseme hili bila ya kuzunguka: Sid Vicious wa Sex Pistols alikufa kwa heroini Februari 1979 ana miaka 21, na bado kuna watu wanauza fulana zenye picha yake kama shujaa. Sie unga tunaujua. Nimekulia na watoto wa kiume wa baraza moja na sie, wengine nimewasindikiza makaburini, wengine wako sobahausi wanapigana na nafsi zao kila siku na hao ndo mashujaa wangu. Mtu akikwambia panki lazima iende na unga, kakudanganya, muekee zile sekunde 46.

Sasa kupiga.

Uingereza mwaka 1977 kuna kijarida kidogo cha kutoa fotokopi kilichora michoro mitatu ya gitaa kikamwambia msomaji hizi tatu zinatosha, nenda kaanzishe bendi. Mie ntakupa tatu zangu kwa maneno. Wapiga gitaa wanaita kodi, yaani namna ya kubana nyuzi pamoja, na za panki ni nyepesi kuliko zote kwa sababu unabana nyuzi mbili tu. Hesabu vile vyumba baina ya vyuma kuanzia kichwani mwa gitaa. Ya kwanza: kidole cha shahada kwenye uzi mnene kabisa chumba cha 3, na kidole cha pete kwenye uzi unofuata chumba cha 5. Ya pili: mkono ule ule bila ya kubadilisha umbo, ushushe uzi mmoja, shahada sasa iko uzi wa pili chumba cha 3 na pete uzi wa tatu chumba cha 5. Ya tatu: hapo hapo sogeza vyumba viwili mbele, shahada chumba cha 5, pete cha 7. Basi. Nyuzi nyengine ziguse kwa ngozi ya kidole zisilie. Ukizipanga hizi tatu kwa mipango tafauti una nyimbo 10 usiku mmoja.

Mkono wa kulia piga kwenda chini tu, chini chini chini, usirudi juu. Johnny Ramone alipiga hivo maisha yake yote na ndo ule ukuta unaousikia. Kiganja kitauma, anza pole pole, kila siku dakika 10, ukilazimisha kasi kabla mkono haujazoea utajiumiza na sauti itakuwa chafu, na chafu ya panki ni tafauti na chafu ya kukosea.

Gitaa azima. Kuna watu wengi mjini wana gitaa limetundikwa ukutani halipigwi, omba kwa adabu, rudisha kwa wakati, nunua seti mpya ya nyuzi kama shukrani. Na nyuzi zetu hapa zinashika kutu haraka kwa upepo wa bahari, kila ukimaliza futa kwa kitambaa kikavu, uzi kwa uzi, mpaka chini, hili dogo linaokoa pesa nyingi. Kama unataka kufundishwa vizuri kuna DCMA, chuo cha muziki kiloanza hapa mjini 2002, na kujifunza taarabu hakukuharibii panki, kunakupa masikio.

Amplifaya kama hamna tumieni spika ya kukodisha ya harusi, pandisha pale sauti ya kuingilia mpaka ianze kukwaruza, lakini sauti ya kutokea iweke chini la sivyo mtaunguza spika ya watu na mtailipa. Ngoma za dramu ni ghali, msisubiri. Ndoo tupu ya rangi ifudikize chini, ndo sauti nzito, debe la mafuta ndo sauti kali, na mpigo wa panki ni ndoo debe ndoo debe, mwendo wa mtu anokimbilia boti ya mwisho. Cherewa juu yake bila kusita. Dufu liacheni kwenye maulidi, lina heshima yake. Na besi, nshasema, sanduku! Sie tumejaribu sanduku la kidumbak chini ya gitaa la umeme na sauti yake ilivyokuwa na lile vumbi na lile tumbo sijaisikia kwenye rekodi yoyote ya nje. Mpigaji wetu ni kijana alojifunza kwa babu yake kwenye maharusi ya Makunduchi, hajui Ramones ni nani na hana haja.

Maneno andikeni Kiswahili. Najua wengi mnaanza na Kiengereza kwa kuwa ndo mlivyosikia, jaribuni, mtaona kinakuwa kama nguo ya kuazima. Kiswahili kina mizani, na mizani 8 inakaa juu ya ule mpigo kama ilitengenezewa. Kwenye wimbo wetu wa mwanzo kiitikio ni hiki:

Wiki maji hayatoki,
bili inajua njia!

Hesabu, nane nane. Tuliupiga kwa dakika 1 na sekunde 40, na siku ya pili watoto wa uchochoroni walikuwa wanauimba wakicheza mpira. Andika kitu unachokijua kwa mwili wako. Umeme umekatika katikati ya mazoezi, kodi ya nyumba imepandishwa, pwani ulokuwa unaogelea utotoni sasa ina ukuta. Usiandike hasira ya London ya 1977, wale walishaandika ya kwao.

Kurikodi, simu moja inatosha. Itundike katikati ya chumba mbali na ndoo, mpiga gitaa asogee nyuma, mwimbaji asogee karibu, zima feni, piga wimbo wote mara moja watu wote pamoja, rudieni mara tatu chagueni ulio hai, si ulio safi. Buzzcocks wa Manchester Disemba 1976 walikopa pauni 500 kwa jamaa na marafiki, wakarikodi nyimbo 4 siku moja wakazitoa wenyewe Januari bila ya kampuni yoyote, nakala 1,000, na zilipokwisha watu wakataka zaidi. Kina MacKaye na wenzake walianzisha lebo yao Dischord 1980 na makava ya rekodi walikuwa wakiyakata na kuyagundisha kwa mikono yao. Nyie hata gundi hamuhitaji, mnatuma kwa simu.

Onyesho la kwanza fanyeni mtaani kwenu, si hotelini. Hoteli watataka mpige nyimbo za watalii. Mwarifuni sheha mapema, wapitieni majirani mlango kwa mlango, hasa penye mgonjwa au mtoto mchanga au msiba, na kama pana msiba ahirisheni. Kuna vijana wananambia dada mbona hiyo si panki, kuomba omba ruhusa. Mie sioni hivo. Yule mnompigia kelele ni anokudhulumuni, jirani hajakudhulumuni. Adhana ikianza kila kitu kinazimwa, Ramadhani pumzikeni tungeni maneno. Kiingilio kiwe bure au kidogo mno, watoto waruhusiwe, Fugazi bendi ya baadae ya huyo huyo MacKaye walikuwa wakitoza dola 5 tu na watu wa umri wote wanaingia, hata walipokuwa wakubwa.

Na fupisheni. Nyimbo 8, dakika 20, hakuna hotuba baina yake. Sie tulipiga Jumamosi baada ya isha kwenye uwanja nyuma ya nyumba, umeme wa kuvuta kwa waya kutoka dirishani kwetu, watu kama 30 na watoto wasohesabika. Tunafunga nyaya, mzee mmoja wa msikitini akaja na bakora yake akasimama mbele ya mpiga ndoo akauliza hili litakwisha saa ngapi. Nikamwambia, "Shikamoo babu, dakika 20 tu." Akatazama saa yake, akamwambia mjukuu wake amletee kiti.